Amekuja au Kimekuja

Majengo, Dodoma
Jumapili, 4 Februari 2024

Dada Zipora,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama wewe na mizani yako, na kwamba mvua za Kibaigwa hazijaozesha mahindi ya watu. Mimi sijambo. Januari nililala wodini siku nne kwa yale maumivu yetu ya siku zote, wakaniongeza chupa mbili za damu, nikatoka. Sasa natembea.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu umenizuia kwenye simu. Nilijaribu kwa laini ya Hamza, ukaizuia na hiyo, na Hamza anauliza kosa lake ni lipi. Barua nampa Tabu, yule mama anayeshusha mahindi hapa Majengo kila Jumatano. Amesema atakukabidhi mkononi.

Naomba nilieleze jambo tangu mwanzo, maana ulitoka kwenye kundi kwa hasira na mwenye hasira husikia nusu. Sisi ni watu kumi na wanne, bila kukuhesabu wewe, tunaocheza Ukingo wa Chumvi kwenye kibanda cha gemu cha Hamza. Wenye gemu wameruhusu wapenzi wake waliwekee maandishi ya lugha zao, nasi tukajipa kazi ya Kiswahili. Sehemu kubwa umeandika wewe, kwa kuwa Kiswahili chako kimenyooka kuliko chetu sote. Mpaka mstari wa 411 hapakuwa na ugomvi. Iro anazaliwa mji wa chumvi, anaugua, anachukuliwa na watu wa maabara, wanaiandika upya damu yake, anakuwa askari asiyesikia uchungu, asiyeumwa na asiyezaa. Miaka kumi baadaye anarudi kwao. Yule bibi mlinzi, mkimbizi wa milimani, anamwona nje ya lango na kuwaambia walio ndani. Kwa Kiingereza bibi hataji mtu wala kitu, anatamka tendo tu, na anaeleweka. Kiswahili hakikubali hivyo. Kitenzi bila kiambishi hakisimami, kwa hiyo lazima mtu aamue. Wewe ukaamua: "Kimekuja. Fungueni lango." Mistari yote ya nyuma Iro amelala, amelia, amekimbia. Kwenye 412 akawa kitu.

Jana tulilijadili. Hamza alisema mbona kijana anakuja na kipofu anakuja, hiyo ki- wanayo kwenye jina tu. Yahaya akajibu kwamba hao waliumbwa na Mungu, Iro kaumbwa na watu wenye makoti meupe, na mtu akianza kujiumba mwenyewe hajulikani ataishia wapi. Munira, anayesoma baiolojia chuo kikuu, akamuuliza jino lake la bandia aliumbiwa na nani, na ile chanjo yenye kovu begani haikumbadilisha mwili? Yeye anaamini binadamu hajamaliza kutengenezwa, na kwamba siku moja sote tutakuwa Iro na tutashukuru. Yahaya akasema jino si damu. Walibishana mpaka wateja wakalalamika kwamba hatuchezi na tumekalia viti. Hamza akafunga mjadala kwa kusema mtu ni yeyote anayesubiri zamu yake ya padi.

Tulipiga kura, saba kwa saba. Nilipiga ya "amekuja", kama unavyojua. Kura yako ndiyo itakayoamua. Nijibu tu: Iro anaporudi, ni mtu au si mtu?

Mdogo wako,
Abeli

*

Kibaigwa
15 Februari 2024

Mdogo wangu Abeli,

Marahaba. Barua Tabu kaileta imefungwa kwenye pindo la kitenge, inanuka moshi wa fuso lakini inasomeka. Mimi mzima, mgongo tu. Je, unakunywa maji? Vidonge vyako vya foliki unameza? Sweta ya kijani iko wapi? Najua utaruka maswali haya, lakini lazima yaulizwe.

Nilikuzuia kwa sababu ulinitumia jumbe thelathini na moja asubuhi moja nikiwa kwenye mzani, na ya mwisho ikaniita mkatili. Mkatili ndiye anayekufulia mashuka tangu una miaka mitatu? Haya, yaishe. Barua ni bora zaidi. Hakuna tiki za bluu, na mtu akikasirika anaichana peke yake, hamtangazii mwenzake.

Sasa swali lako. Nimekaa soko hili miaka tisa. Mzee akinishushia gunia, najua ni mahindi chotara kwa kutia mkono tu, punje zote sawa kama zimepigwa randa. Ni mazuri, sibishi, ndiyo ninayouza. Lakini chukua punje hizo uzirudishe shambani msimu ujao. Utapata mengine marefu, mengine kibeti, mengine gunzi tupu. Kila mwaka lazima urudi dukani. Uzuri yanao, mwendelezo hayana. Na kwetu ukoo tunauita mbeyu, yaani mbegu ileile. Mtu ni mbegu iliyotoka kwa watu na inayokwenda kwa watu. Iro walimtoa mbegu, gemu lenyewe linasema. Kilichorudi langoni kina sura yake na sauti yake, lakini ni ganda. Kwa hiyo ki-. Sikuota tu usiku nikaamka nikaandika, nilizunguka na mstari ule siku nzima.

Na habari za sarufi usiniletee. Tumelelewa na mwanamke anayesema mchungaji imekuja, mvua imekuja, mbuzi imekuja, na tumemcheka tangu tulipojua kusoma. Mama alikikuta Kiswahili ukubwani. Mimi nimekisomea. Nikiandika ki- nimekusudia ki-.

Nimempa Tabu karanga za Kongwa, nusu debe. Usimpe Yahaya zote kwa kuwa anakubaliana nami.

Dada yako,
Zipora

*

Kibaigwa
3 Aprili 2024

Abeli,

Hujambo huko? Wiki saba sasa. Nilidhani umenuna, maana kununa unakujua. Lakini Tabu alipita kwa Hamza Jumatano iliyopita akaambiwa huonekani. Mama nimempigia Kongwa, anasema uko chuo. Chuo nimempigia rafiki yako mmoja, anasema uko kwa mama. Mtu mmoja hawezi kuwa sehemu mbili na zote asiwepo.

Kama ni maumivu, sema. Kama ni barua yangu, sema pia. Kwenye simu sijakufungulia, nakiri ni ukaidi, lakini barua nasoma.

Dada yako,
Zipora

*

Dodoma
9 Aprili 2024

Dada,

Shikamoo. Nilikuwa wodini siku kumi na moja, mapafu mara hii. Nimetoka. Sweta ninayo.

Nitakueleza jambo kwa mpangilio kisha sitalirudia. Mwezi Januari nilipolazwa, daktari alikaa kitandani kwangu akasema damu hii ya selimundu sasa inaweza kutibiwa hapahapa Dodoma, si kutulizwa, kutibiwa. Wanafuta uloto wangu, ule ute ndani ya mifupa unaotengeneza damu, wanaufuta wote kwa dawa kali. Kisha wanapandikiza uloto wa ndugu wa baba mmoja mama mmoja, kama vipimo vimelingana. Nina ndugu mmoja aliye hai. Ndugu yetu Joel angekuwepo asingefaa, alikuwa na damu kama yangu.

Alisema mambo mengine mawili. Nisipofanya, kwa jinsi mapafu yalivyo, nisihesabu miaka mingi. Na nikifanya, dawa hizo zina uwezekano mkubwa wa kunifanya nisizae.

Niliruhusiwa tarehe 23 Januari asubuhi. Nilikaa kwenye benchi nje ya lango la hospitali nikafungua simu ili nikuandikie haya, na faili lako lilikuwa limeingia dakika chache nyuma. Nikasoma mstari wa 412. Zile jumbe thelathini na moja hazikuwa za Iro.

Baadaye ukanifafanulia kuhusu mahindi chotara, na ganda. Umeeleza vizuri sana, kama kawaida yako. Niliona sina haja ya kuuliza kitu ambacho nimeshajibiwa.

Sikuombi lolote. Nimekuambia kwa sababu umeuliza kama ni barua yako.

Karanga zilikuwa nzuri.

Mdogo wako,
Abeli

*

Kibaigwa
12 Aprili 2024

Abeli,

Nimeisoma. Nimeisoma tena mbele ya Tabu kwa sauti kwa sababu niliona kama macho yananidanganya.

Jumatatu napanda basi la kwanza. Nitakuwa hospitali saa mbili, wanipime wanachotaka. Usije kunipokea, kuna vumbi.

Nimekukasirikia na sitaficha. Miezi mitatu unakaa na habari ya uhai wako mfukoni kwa sababu ya mstari wa gemu. Nimejikasirikia pia, ila mimi mwenyewe nitamalizana na mimi. Maoni yangu juu ya Iro sijayabadilisha. Nilikuwa naongelea Iro. Ungeniambia kuna Abeli ndani yake ningeandika kwa uangalifu zaidi.

Dada yako,
Zipora

*

Dodoma
20 Juni 2024

Dada Zipora,

Shikamoo. Habari za mavuno? Huku upepo umeanza, asubuhi vidole vinauma lakini si sana.

Majibu yametoka. Tumelingana pointi zote. Daktari alisema ni bahati ya mmoja kati ya wanne, akanipa mkono. Wewe mwenyewe una nusu ya ugonjwa huu kwenye damu, umerithi upande mmoja, lakini hauzuii chochote.

Sijamjibu kama nakubali. Ameniambia hivi: baada ya hapo, nikijichoma kidole, damu itakayotoka itakuwa yako kwa kila kipimo. Sasa hivi mimi ni kundi O, nitakuwa A kama wewe. Wakiichunguza bila kuniona, watasema ni ya mwanamke.

Nilipeleka habari hiyo kwenye kundi nikasema ni kisa cha gemu jingine, ndugu mmoja kapewa damu ya dada yake. Wamebishana wiki nzima. Yahaya anasema huyo sasa ni watu wawili, na swala yake inahesabiwaje? Munira anasema ni yuleyule, amerekebishwa tu, na akaandika aya ndefu kuhusu binadamu wa kesho. Mwingine akapendekeza apewe jina jipya. Mimi nilikuwa katikati yao natafuna karanga, hakuna aliyejua. Ilikuwa ajabu kusikiliza, lakini sikuumia kama nilivyotegemea.

Wewe tu ndiye nataka kukuuliza sawasawa. Nikirudi nikiwa hivyo, bila mbegu, na damu ya mtu mwingine, utatumia kiambishi gani?

Mdogo wako,
Abeli

*

Kibaigwa
8 Julai 2024

Mdogo wangu,

Marahaba ya barua iliyopita. Nimechelewa kwa sababu ya msimu, na kwa sababu ya mama.

Mama alikuja Ijumaa na gari la asubuhi kutoka Kongwa, amevaa kitenge cha kanisani. Nikajua si salamu. Akakaa juu ya magunia, chai akaikataa, akasema amekuja kuniomba nikatae. Si moja kwa moja, nikatae kwa miaka miwili. Wewe uoe kwanza, upate mtoto, ndipo nikupe huo uloto. Binti ameshampata, anaitwa Penina, anaimba kwaya, na mama yake wameshazungumza. Akasema Abeli ikitibiwa namna hii, mbegu ya baba yenu Bartolomayo imekwisha, mlango wake umefungwa. Mtu bila mbegu ni ganda.

Yalikuwa maneno yangu, Abeli, na barua yangu hajawahi kuiona. Niliyasikia yakitoka kwa mtu anayekupenda kuliko chochote duniani, na niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilipoyaandika niliyaona ya busara.

Nikamuuliza, mama, Joel alikuwa na mbegu? Nikamwambia Joel aliondoka na mbegu yake yote akiwa na miaka mitano na haikumsaidia kitu, na daktari hakusema Abeli ana miaka miwili ya kusubiri kwaya. Akalia. Nami nikalia. Wapakiaji wakaacha magunia wakatutazama, nikawafokea warudi kazini.

Alipoondoka alisema fanyeni mnavyotaka, ila yeye hatakanyaga huko hospitali, hataki kuona mtoto wake inafutwa. Hakuaga.

Umeniuliza nitakuita nini. Nitakuita Abeli, kama nilivyokuita mara ya kwanza uliponing'ata. Kuhusu Iro sijui tena. Nirudishie mstari wa 412 na usimpe mtu mwingine.

Mwambie daktari tarehe. Kuzaa au kutozaa ni lako kuamua, nami sitakusukuma. Lakini kama unasubiri ruhusa yangu, unayo. Nakutaka hai. Ningelisema hili mapema ningetuokolea kalamu nyingi.

Dada yako,
Zipora

*

Dodoma
29 Julai 2024

Dada,

Shikamoo. Nimekubali. Naingia tarehe 9 Septemba, wewe utatolewa uloto tarehe 18. Watakulaza, utasinzia, watachukua nyongani. Daktari anasema utachechemea wiki moja.

Nilikwenda Kongwa kumwambia mama. Alinisikiliza, akaniuliza kama nitakula ugali au wali. Nilikula ugali. Niliporudi nilikuta ameniwekea karanga kwenye begi.

Chumba nitakachokaa ni cha peke yangu, chenye milango miwili ya kufuatana. Karatasi haziingii, wanasema zina vumbi na ukungu. Barua zako zinatoka kwenye magunia, kwa hiyo hizo hasa ndizo haziingii. Sijui tutafanyaje, labda nitakuandikia nikitoka.

Mdogo wako,
Abeli

*

Ujumbe wa simu, 19 Septemba 2024

Mdogo wangu, ni mimi. Nimekufungulia. Usinitumie thelathini na moja.
Nyonga inauma kama nimebeba gunia la kilo mia upande mmoja. Walinionyesha mfuko kabla haujaja kwako. Ni mwekundu tu, kama damu yoyote. Nilitegemea kitu cha ajabu zaidi. Dada.

Ujumbe wa simu, 6 Oktoba 2024

Shikamoo dada. Siku ya kumi na nane. Nywele zimekwisha, mdomo una vidonda, naongea kwa vidole. Leo chembe mpya zimeonekana kwenye kipimo. Nesi kaandika kwenye ubao: ZIMEOTA. Kama anaongelea shamba. Mdogo wako.

Ujumbe wa simu, 6 Oktoba 2024

Chotara huota haraka. Kunywa maji. Dada.

Ujumbe wa simu, 17 Oktoba 2024

Abeli, hujajibu tangu Jumapili. Dada.

Ujumbe wa simu, 20 Oktoba 2024

Nimempigia nesi, anasema homa, anasema nisubiri. Nimesimama kwenye mzani nasoma namba sizioni. Tabu ndiye anayepima leo. Andika herufi moja tu. Dada.

Ujumbe wa simu, 23 Oktoba 2024

A

*

Kibaigwa
17 Machi 2025

Mdogo wangu Abeli,

Sijui kama umeshazoea tena karatasi, lakini daktari kasema ruhusa, na mimi nimezikosa barua. Umefika salama Dodoma? Kliniki Alhamisi usisahau. Barakoa vaa ukipita sokoni. Hili la sweta nimeliacha, nimekuona Jumamosi asubuhi Kongwa na upepo ule umevaa fulana, na hukutetemeka. Nilikutazama sana. Sijawahi kukuona ukisimama kwenye upepo bila kujikunja.

Lakini nakuandikia kwa jambo ambalo hukulisikia, kwa kuwa ulikuwa bado nje unashusha begi kwenye bodaboda.

Mimi nilitangulia usiku wa Ijumaa ili mama asiwe peke yake. Alikuwa amekaa chini anabangua karanga, ungo mapajani. Wiki nzima aliwaambia majirani kwamba hatainuka. Kama unavyojua, miezi yote ile hakuja hospitali hata siku moja, na kwenye simu alikuwa ananiuliza habari za mvua. Jumamosi asubuhi aliniuliza jambo moja tu: je, itanijua? Nikamwambia mama, wamebadilisha damu, si macho.

Pikipiki ikasimama. Alinyoosha shingo akachungulia kwenye upenyo wa mlango. Nadhani alikuona kama nilivyokuona mimi mara ya kwanza, uso umevimba kwa dawa, nywele ndiyo kwanza zinachomoza, unatembea haraka bila kuchechemea kama mtu mwingine kabisa. Sikuingilia. Niliogopa, Abeli, nakwambia kweli, niliogopa kuliko siku ya nyonga. Nilijua kwamba pale anaamua, na mimi ndiye niliyeyaandika maneno ambayo angeweza kuyatumia.

Kisha akainuka na karanga zote zikamwagika. Akasema, "Zipora, imekuja. Fungua mlango."

Ndiyo maana ulinikuta nacheka na machozi yananitoka, ukaniuliza kuna nini, nikasema moshi. Hapakuwa na moshi, hata jiko halikuwa limewashwa.

Mwaka mzima mimi na wewe na watu kumi na watatu wa Majengo tumechagua, mtu au kitu. Mama hajawahi kuchagua. Wewe, mvua, mchungaji, mbuzi aliyepotea akarudi, wote kwake ni imekuja, kisha anafungua.

Jana nimerudia gemu tangu sehemu ya pili. Bibi wa langoni ni mkimbizi, alitoka milimani, lugha ya mji wa chumvi aliikuta ukubwani. Uliniandikia hilo kwenye barua yako ya kwanza kabisa, na sote wawili tulilipita. Mtu wa namna hiyo hawezi kuongea kama mimi niliyesoma, wala kama Munira. Kwa hiyo mstari huu hapa, uuweke kama ulivyo:

412. Imekuja. Fungueni lango.

Yahaya atasema ni kosa. Mwambie ndiyo, ni kosa, na lisisahihishwe.

Dada yako,
Zipora